Picha tatu, ukuta mmoja karibu na bahari: nichague ukubwa gani na fremu gani?

*"Shikamoo mtaalamu. Tumehamia nyumba ya Raskazone, Tanga, hatua chache kutoka baharini. Ukuta wa sebule una urefu wa mita 3.6 na kochi lililo chini yake lina mita 2.1. Nataka kutundika picha ya harusi ya binti yetu, inchi 24 kwa 36, ila niliyonayo ni ile niliyotumiwa WhatsApp. Fundi wa studio anasema hakuna shida, 'ataongeza DPI'. Pia nina picha ndogo ya marehemu babu ya mwaka 1964, sentimita 6 kwa 9, imegandana na kioo cha fremu yake ya zamani. Na nina mchoro wa Tingatinga wa sentimita 60 kwa 80, umeviringishwa kwenye bomba tangu tuununue. Tayari nimenunua fremu tatu za A3 zilizokuwa na punguzo. Nizitumieje, na nifanye nini picha zisiote ukungu kama zilivyoota kwenye nyumba tuliyotoka?"*

Marahaba. Umeleta vipimo, na hilo limerahisisha kazi. Tatizo lako kubwa ni kwamba fremu zimenunuliwa kabla picha hazijapimwa. Utaratibu unaofaa ni kuangalia kwanza faili au mchoro wenyewe unaruhusu ukubwa gani, halafu umbo lake, halafu mahali utakapokaa. Fremu huja mwisho. Hata hivyo fremu zako za A3 hazijapotea bure, tutazifikia.

Tuanze na hiyo DPI, yaani idadi ya nukta kwa kila inchi, maana ndipo fedha nyingi huteketea. Faili ya picha haina inchi wala sentimita ndani yake. Ina pikseli tu, yaani nukta ndogo za rangi, na DPI ni hesabu ya kugawa pikseli hizo kwa ukubwa wa karatasi. WhatsApp, ukituma picha kwa njia ya kawaida, huipunguza hadi takriban pikseli 1600 kwa upande mrefu. Gawanya 1600 kwa inchi 36, unapata pikseli 44 kwa kila inchi, na jibu ni hilo hilo fundi aandike 72 au 300 kwenye kompyuta yake. Akiiruhusu programu ijaze pikseli zinazokosekana, itakisia rangi za katikati, na ngozi ya bibi harusi itatoka laini kama nta, bila vinyweleo wala nyuzi za shela.

Kuna na tatizo la pili ambalo watu hulisahau. Faili za JPEG hubanwa kwa kugawanywa katika viboksi vya pikseli 8 kwa 8, na kadiri faili inavyobanwa sana ndivyo mipaka ya viboksi inavyojitokeza. Kwenye picha yako ya inchi 36 kila kiboksi kingekuwa na upana wa karibu milimita 4.6. Hicho mtu anakiona akiwa amekaa kwenye kochi la upande wa pili.

Utasikia hoja kwamba picha kubwa hutazamwa kwa mbali, kwa hiyo pikseli chache zinatosha. Hoja hiyo ina ukweli. Kwa umbali wa sentimita 30 jicho zima hutofautisha takriban nukta 300 kwa inchi. Kwa mita moja hushuka hadi karibu 90, na kwa mita mbili huwa chini ya 50. Ndiyo maana bango la barabarani linaonekana safi ilhali ukilisogelea ni nukta tupu. Lakini picha ya harusi husogelewa. Kila mgeni atasimama mbele yake kumtafuta shangazi yake. Kwa hiyo kwa sebule mimi sishuki chini ya pikseli 150 kwa inchi; 200 ni nzuri, na 300 niiache kwa albamu na picha za mezani. Hesabu ya haraka: gawanya pikseli za upande mrefu kwa 150, utapata inchi za mwisho unazoweza kwenda.

Sasa kamtafute aliyepiga picha. Kamera yenye megapikseli 24 hutoa pikseli 6000 kwa 4000, ambazo kwenye inchi 36 kwa 24 ni pikseli 167 kwa inchi. Inatosha, na inatosha vizuri. Mwombe faili asili kwenye flashi, au aitume WhatsApp kama hati badala ya kuituma kama picha, maana hati haipunguzwi. Ukiipokea, fungua maelezo ya faili usome vipimo kabla ya kwenda studio. Ukikuta 1600 tena, amekutumia ile ile. Kama faili asili imepotea kabisa, kubali ukubwa ambao faili inaubeba: inchi 6 kwa 9 hukupa pikseli 178 kwa inchi, na picha ndogo iliyo safi ndani ya fremu yenye nafasi pana huonekana ya heshima kuliko kubwa isiyo kali.

Baada ya pikseli kuna umbo, na hapa ndipo watu hukatwa vichwa. Kamera nyingi za mafundi wa harusi hupiga kwa uwiano wa 3 kwa 2. Simu nyingi hupiga 4 kwa 3. Ukubwa wa 4 kwa 6, 8 kwa 12, 12 kwa 18, 20 kwa 30 na 24 kwa 36 wote ni uwiano wa 3 kwa 2, kwa hiyo picha ya kamera huingia bila kukatwa. Ukubwa wa 12 kwa 16 na 18 kwa 24 ni wa simu. Ukubwa wa 8 kwa 10 na 16 kwa 20 haufuati uwiano wowote kati ya hiyo miwili: ukiijaza karatasi ya 16 kwa 20 kwa picha ya kamera, unapoteza inchi 4 kati ya 24 za urefu wake, yaani sehemu moja ya sita. Kwenye picha ya pamoja ya harusi, hao ni watu wawili au watatu wa pembeni. Mwambie fundi akuonyeshe kwenye skrini itakavyokatwa kabla hajachapa.

A3 ni milimita 297 kwa 420, uwiano wa takriban 1.41, kwa hiyo nayo haiendani na kamera wala simu. Usiijaze. Ndani ya kila fremu weka kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, na nyuma ya dirisha hilo picha ya inchi 8 kwa 12, ambayo ni milimita 203 kwa 305. Dirisha likatwe milimita 197 kwa 299 ili kadi iifunike picha milimita 3 kila upande. Bila hivyo picha huteleza na mwanga huonekana pembeni. Kadi inabaki na ukingo wa takriban milimita 60 kwenye pande fupi na 50 kwenye pande ndefu. Wengine hupandisha dirisha milimita 4 hivi ili ukingo wa chini uwe mnene zaidi, kwa sababu dirisha lililo katikati kabisa huonekana kama limeshuka. Nami napenda hivyo, lakini si sheria. Pima kioo chenyewe kwanza, maana fremu za bei rahisi zinazoitwa A3 wakati mwingine hupungua milimita kadhaa. Rangi ya kadi iwe nyeupe iliyopoa au maziwa. Kuilinganisha kadi na rangi ya makochi ni kosa utakalolijutia siku utakapobadili makochi.

Juu ya kochi, vilivyotundikwa vichukue kati ya asilimia 60 na 75 ya upana wake. Kwako hiyo ni sentimita 126 hadi 158. Picha ya inchi 36 pekee, ikiwa na fremu, hufika sentimita 97 hadi 100 tu, na itaelea peke yake juu ya kochi refu. Iongezee fremu mbili za A3 zilizolala, moja juu ya nyingine, zenye picha nyingine za harusi hiyo hiyo. Zikiwa na mbao za pembeni kila moja hufika takriban sentimita 45 kwa 33. Mbili na nafasi ya sentimita 6 katikati zinakuwa na kimo cha sentimita 72, karibu sawa kabisa na kimo cha ile kubwa. Upana wote ni 100, nafasi ya 6, na 45: sentimita 151. Umeingia ndani ya kipimo.

Katikati ya kundi hili kwa kawaida hukaa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, ila palipo na kochi, kochi ndilo linaloamua: acha sentimita 15 hadi 20 kati ya mgongo wa kochi na ukingo wa chini wa fremu. Kata magazeti kwa vipimo hivyo, yabandike ukutani kwa tepu ya karatasi, yaache siku mbili mkipita na kukaa. Gazeti halina gharama. Shimo la ukutani linayo.

Sasa ukungu. Fremu yenyewe haileti ukungu. Unaletwa na hewa yenye unyevu inayobanwa mahali isipozunguka. Pwani unyevu wa hewa hukaa juu ya asilimia 70 kwa muda mrefu, na kwa kiwango hicho kuvu humea kwenye karatasi, gundi na tabaka la juu la picha. Picha iliyobanwa moja kwa moja kwenye kioo hupata tatizo jingine tena: usiku kioo hupoa, unyevu hugeuka matone ndani yake, jelatini iliyo juu ya picha hulainika, na inapokauka hunata kwenye kioo. Ndicho kilichompata babu. Karatasi ya kung'aa hunata haraka kuliko ya mati, ile isiyong'aa, kwa hiyo omba mati au nusu mati.

Dawa ya kwanza ni nafasi kati ya picha na kioo. Kadi ya dirisha yenye unene wa milimita 1.5 inatosha kwa fremu za A3. Kwa ile kubwa, kama hutaki kadi, fundi aweke vipande vyembamba vya plastiki au mbao vya milimita 3 hadi 5 kuzunguka kingo za ndani, vifichwe na mdomo wa fremu. Dawa ya pili ni nafasi kati ya fremu na ukuta: vipande vya mpira vya milimita 5 au zaidi kwenye kona mbili za chini, hewa ipite nyuma. Ya tatu ni kuchagua ukuta. Usitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua ya masika, wala ukuta uliogawana na bafu. Shika ukuta kwa kiganja asubuhi. Ukiwa wa baridi na kama una jasho, tafuta mwingine.

Mwambie fundi asigundishe picha yote kwenye kadi, na asiizungushie tepu pande zote nne. Karatasi hutanuka ikipata unyevu, na ikikosa pa kwenda hufanya mawimbi. Ishikwe juu tu, kwa vipande viwili vya tepu ya karatasi isiyo na asidi, ining'inie huru. Selotepu na masking tepu hugeuka njano na gundi yake hupenya. Ubao wa nyuma wa hadibodi nao hutoa asidi, kwa hiyo kati yake na picha kuwe na kadi isiyo na asidi. Ukitaka kujua kadi ya fundi ni ya namna gani, angalia sampuli zake za zamani: kama ukingo wa dirisha umegeuka kahawia, kadi ile ina asidi, na baada ya miaka michache picha itapata mstari wa kahawia pembeni.

Hesabu pia kina cha mfereji wa fremu, ile nafasi ya nyuma ambamo kioo na picha hukaa, kabla hujaagiza ile kubwa. Kioo milimita 2, vipande vya nafasi 3, picha na kadi ya nyuma 2, hadibodi 3: jumla 10. Mfereji uwe na kina cha 12 hivi, la sivyo fundi atapigilia misumari ikiwa imetokeza nyuma. Mbao iwe kavu. Mninga ni chaguo zuri pwani kwa sababu haujikunji sana ukipata unyevu, na mtiki hauko nyuma. Paini inafaa ikiwa imekauka na kutiwa dawa ya wadudu. Fremu za MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa kwa gundi) zilizovishwa nailoni ndizo ningeziepuka karibu na bahari: maji yakiingia kwenye kona, MDF huvimba na hairudi. Alumini haina tatizo.

Kioo cha milimita 2 huwa na uzito wa kilo 5 kwa mita ya mraba, hivyo picha yako kubwa ingebeba karibu kilo 2.8 za kioo peke yake. Cha milimita 3 ni kilo 4.2. Akriliki ni chini ya nusu ya hapo kwa unene ule ule na haivunjiki kirahisi, ila huchubuka na huvuta vumbi, na hupaswi kuifuta kwa dawa ya vioo yenye amonia. Kioo cha kawaida hakizuii jua lisipaushe rangi. Kipo cha kuchuja miale hiyo, ni ghali na si kila mji unakipata; kutundika mahali jua halifiki ni bure.

Watu watakushauri uchape kwenye kanvasi, au picha igandishwe kwenye ubao wa MDF na kufunikwa nailoni, ili uepuke kioo. Kanvasi ni nyepesi na ufumaji wake huficha upungufu kidogo wa pikseli, lakini haina kinga: vumbi na chumvi hukaa juu yake na kuifuta ni kazi. Ile ya ubao ni rahisi na hufutika kwa kitambaa, lakini kingo huvimba, na ikianza kubanduka hakuna cha kufanya ila kuchapa nyingine. Kama faili unayo, si msiba. Usimfanyie hivyo babu.

Kuhusu babu: usiivute picha kutoka kwenye kioo, usiiloweke, usiipashe moto. Kinachobanduka ni uso wenyewe. Itoe pamoja na kioo chake kwenye fremu, futa kioo kwa nje, kisha ipigwe nakala kupitia kioo hicho. Skana nyingi nyembamba za ofisini huona vizuri kilichogusa kioo chake tu, kwa hiyo unene wa kioo cha zamani utaifanya nakala isiwe kali. Kamera iliyosimama sawasawa juu yake, na taa mbili kutoka pembeni kwa pembe ya nyuzi 45, hufanya kazi safi zaidi. Sentimita 6 kwa 9 nayo ni 2 kwa 3. Ikiwa ya asili ni kali, inavumilia kukuzwa hadi inchi 8 kwa 12, ambayo ni mara 3.4; ikiwa laini, ishia inchi 6 kwa 9 na uiache na ukingo mpana. Hiyo ndiyo kazi ya fremu yako ya tatu ya A3, ikisimama, kwenye korido isiyo na jua.

Jihadhari na programu za simu zinazodai kurudisha ubora wa picha za zamani. Hubuni macho, meno na ngozi kutokana na nyuso za watu wengine. Picha hutoka kali, lakini aliyemo anaweza asiwe babu yako. Kuondoa mikwaruzo na madoa yaliyo nje ya uso kunatosha.

Ile ya asili ilaze bapa pamoja na kioo chake ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu. Kama ni picha pekee iliyobaki na unataka itenganishwe, hiyo si kazi ya fundi wa fremu. Waulize Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam au Nyaraka za Taifa Zanzibar wakuelekeze kwa mhifadhi, yaani mtaalamu wa kutunza na kutengeneza vitu vya kale. Vivyo hivyo ukiona tabaka la juu linameguka, au ukungu umeingia kati ya kioo na picha.

Mchoro wa Tingatinga una mambo yake. Edward Saidi Tingatinga na waliomfuata walianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 wakichora kwa rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya hadibodi. Leo wengi huchora kwenye kitambaa, lakini rangi imebaki ya aina ile: hukauka juu, ikilala kwenye joto hunata, na ikizeeka hukakamaa. Kwa hiyo usiuwekee kioo wala nailoni. Ukiufungua, fungua mchana wa joto, polepole, uso ukiangalia juu, uache mezani siku moja au mbili ukiwa umekandamizwa kingo tu. Siku ukilazimika kuuviringisha tena, rangi iwe upande wa nje, kwenye bomba pana la sentimita 10 au zaidi.

Kisha uvutwe kwenye fremu ya ndani ya mbao. Pima kitambaa kilichobaki bila rangi: unahitaji sentimita 4 kila upande ili kizunguke ubao wa sentimita 2 na kushikwa nyuma. Mara nyingi hubaki sentimita 1 au 2, na fundi mvivu atakunja sehemu ya mchoro, mkia wa chui uende nyuma. Mkatalie. Aunganishe vipande vya kitambaa pembeni kwanza. Fremu ya 60 kwa 80 ina kipimo rahisi cha kuhakiki: ulalo wake ni sentimita 100 kamili. Upimwe kona hadi kona pande zote mbili. Ukitofautiana, fremu imepinda. Pini za stepla zianze katikati ya kila upande, upande kwa upande wa mkabala, zikielekea kona, kila sentimita 4 au 5. Ukisikia rangi inalia au ukiona nyufa, simamisha kazi na utafute mchoraji au mhifadhi. Nyufa haziponi kwa kuvuta zaidi.

Kutundika ni jepesi. Ile kubwa ishikwe na skrubu mbili za chuma kisichoshika kutu zenye plagi za milimita 6, ndefu kiasi cha kupita plasta na kuingia kwenye tofali. Msumari wa kawaida hewa ya chumvi itaula. Angalia nyaya za swichi zinapopita kabla ya kutoboa.

Kila masika ikiisha, shusha fremu moja na uitazame nyuma na ndani ya kioo kwa tochi iliyolazwa pembeni. Ukiona vitone vyeupe au vya kijivu, ipeleke nje, vaa barakoa, ifungue na uiache ikauke kivulini. Usifute picha kwa kitambaa chenye maji. Ukungu mkavu hutolewa kwa brashi laini, nao ukiwa umeshika kwenye rangi ya picha, mwachie mhifadhi.